Besiboli na Daftari Lake: Nani Alihesabiwa?

Habari za jioni. Naona watu wengi wa soka humu ndani, na nahisi baadhi yenu mmekuja kuona mtu anawezaje kuzungumzia besiboli jioni nzima bila wasikilizaji kusinzia. Karibuni, viti vipo.

Kwa wageni kabisa, chukueni haya machache. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anausubiri na gongo. Akiupiga vizuri anakimbilia beisi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza uwanjani, na akifanikiwa kuzunguka beisi zote mpaka arudi alipoanzia, timu yake inapata pointi. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka kwa raha zake, hakuna wa kumgusa. Hiyo ndiyo homurani. Kanuni nyingine tuziache huko huko, Wamarekani wenyewe hawajaacha kuzigombania. Na msidhani ni mchezo wa mbali sana nasi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapo Uganda, walikwenda kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo.

Sasa twende kwenye mada. Mashabiki wa Simba na Yanga wakibishana, kila mmoja anategemea kumbukumbu yake na sauti yake. Shabiki wa besiboli hufungua daftari. Namba kwake ni kama jina la mtu. Mtajie 56, atakwambia Joe DiMaggio, mwaka 1941, mechi 56 mfululizo bila kukosa pigo halali, yaani la kumfikisha beisi bila kosa la wapinzani. Mtajie 2,131, atakwambia Cal Ripken, Septemba 1995, mechi mfululizo bila kukosa hata moja, akivunja rekodi ya Lou Gehrig iliyosimama tangu 1939. Na 714? Hiyo hata mtoto anaijua: homurani za Babe Ruth.

Swali langu leo ni dogo. Hizo namba zilipokuwa zinaandikwa, nani alikuwa amezuiwa mlangoni?

Mwaka 1884 mtu mweusi aitwaye Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, wa timu ya Toledo katika ligi kuu. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Haikuandikwa sheria. Wenye timu walielewana tu, na maelewano yasiyoandikwa ni magumu kuyashtaki, maana ukiuliza, kila mtu anakwambia hakuna kitu kama hicho. Hali ikawa hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Ruth alipopiga homurani 60 mwaka 1927, hakukutana na mrushaji mweusi hata mmoja katika mechi za ligi.

Weusi hawakukaa kusubiri. Februari 1920, mjini Kansas City, Rube Foster aliwakutanisha wenye timu wakaanzisha ligi yao. Walikuwa na viwanja, mashabiki, magazeti na matajiri wao. Newark Eagles waliongozwa na mwanamke, Effa Manley, ambaye mpaka leo ndiye mwanamke pekee aliyeingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Na walikuwa na Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, ambaye nitarudi kwake.

Aprili 15, 1947, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Jackie Robinson anaingia kuichezea Dodgers. Bosi wake, Branch Rickey, alikuwa amemwita ofisini Agosti 1945 na kumtolea matusi yote ambayo angeyasikia uwanjani, makusudi, ili aone kama atalipuka. Masharti yalikuwa kwamba asijibu. Na Robinson hakuwa mtu wa kunyamaza: mwaka 1944, akiwa luteni jeshini, alikataa kuhamia nyuma ya basi, akafikishwa mahakama ya kijeshi, akashinda kesi.

Siku yenyewe, mnaotegemea sinema mtasikitika. Hakupata pigo halali hata moja. Alipangwa beisi ya kwanza, nafasi aliyokuwa bado anajifunza. Katika awamu ya saba aliugusa mpira kidogo tu kwa gongo, wapinzani wao Boston wakaubabaisha, akafika beisi kwa kosa lao, kisha Pete Reiser akapiga naye Robinson akaingia na pointi ya kuipa timu yake uongozi. Dodgers walishinda 5 kwa 3. Basi. Mwaka huo huo akawa mchezaji chipukizi bora, na mwaka 1949 mchezaji bora wa ligi yake.

Kuna picha moja ningependa waandishi wa michezo mliomo humu mwitafute. Ben Chapman, kocha wa Phillies, timu ya Philadelphia, alikuwa amewaongoza wachezaji wake kumtukana Robinson kiasi kwamba habari zikafika kwa wakubwa. Zikapangwa suluhu za kamera. Wawili hao wamesimama pamoja, na wote wameshika gongo moja. Gongo lile liliwaepusha kupeana mikono. Mimi kila nikiiona namtazama Robinson usoni, na sioni amani.

Lipo jambo ambalo sherehe za 1947 hulipita haraka. Ligi ya Weusi ndiyo iliyolipa gharama. Kansas City Monarchs, timu ya Robinson kabla ya Dodgers, hawakupata hata senti. Effa Manley alipiga kelele, na alipomwachia mchezaji wake Larry Doby aende Cleveland, timu ya ligi kuu, katikati ya 1947, alilipwa dola 15,000. Mashabiki wakahamia kuwatazama nyota wao kule walikokwenda. Baada ya msimu wa 1948 ligi ya taifa ya Weusi ilivunjika. Mlango ulifunguliwa kwa wachezaji. Wenye timu, makocha na waamuzi weusi waliachwa barazani. Robinson alilijua hilo. Oktoba 1972, kwenye fainali za Cincinnati, alipewa heshima na kipaza sauti, akasema atafurahi zaidi siku atakapomwona kocha mkuu mweusi. Alifariki siku tisa baadaye. Kocha huyo, Frank Robinson, hawana undugu, alianza kazi Cleveland mwaka 1975.

Sasa Hank Aaron, na hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Aaron alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, na kabla ya ligi kuu alipitia Indianapolis Clowns, timu ya Weusi. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Mwaka hadi mwaka alipiga tu, mpaka msimu wa 1973 ulipoisha akiwa na homurani 713. Moja nyuma ya Babe Ruth. Majira ya baridi yote akakaa hapo, na barua zikamiminika. Mwaka ule alipokea barua karibu 930,000. Nyingi zilikuwa za kumtakia heri, lakini zilizobaki zilitosha kumpa mlinzi wa polisi aliyebeba bastola ndani ya mkoba wa darubini. Mhariri mmoja wa michezo mjini Atlanta aliandaa tanzia yake kimyakimya, iwapo atauawa. Fikirini mnaandika tanzia ya mtu kwa sababu anakaribia kuvunja rekodi.

Wenye timu yake, Atlanta Braves, walitaka avunje rekodi nyumbani, tiketi ziuzwe. Kamishna Bowie Kuhn akaamuru acheze pia ugenini Cincinnati. Aprili 4, 1974, pigo lake la kwanza kabisa la msimu: homurani ya 714. Siku nne baadaye, Aprili 8, Atlanta, watu 53,775. Mrushaji wa Dodgers alikuwa Al Downing, naye mweusi, naye amevaa jezi namba 44 kama Aaron. Awamu ya nne, Aaron akazungusha gongo. Bill Buckner akaparamia ukuta wa kushoto kuufuata mpira, akaukosa. Ukadakwa upande wa pili na Tom House, mrushaji wa timu ya Aaron mwenyewe.

Aaron akaanza kuzunguka. Kati ya beisi ya pili na ya tatu, vijana wawili wazungu wakaruka kutoka jukwaani, wakamkimbilia. Mlinzi yuko juu jukwaani na ule mkoba wake, na ana sekunde chache za kuamua. Hakufyatua. Vijana wakampigapiga Aaron mgongoni kwa furaha, wakaondoka. Alipofika beisi ya mwisho, pale alipoanzia, mama yake, Estella, alikuwa ameshashuka uwanjani, akamkumbatia na hakutaka kumwachia. Mtangazaji Vin Scully aliacha kelele za uwanja zizungumze kwanza, kisha akawaeleza wasikilizaji walichokiona: umati wa kusini mwa Marekani umesimama kumpigia makofi mtu mweusi aliyevunja rekodi ya kipenzi chao. Kamishna Kuhn hakuwepo. Alikuwa Cleveland. Aaron hakulisahau hilo, na hakulificha.

Aliishia 755. Barry Bonds alimpita mwaka 2007, akafika 762 katikati ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Ugomvi huo wenyewe ni mhadhara mwingine, nauruka.

Rudi kwa Josh Gibson. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia Ebbets Field. Bango lake kule Cooperstown linasema alipiga homurani karibu 800, lakini hizo ni pamoja na mechi za kuzunguka miji, nje ya ligi. Desemba 2020 ligi kuu ilitamka kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 ikaziingiza takwimu zenyewe, za wachezaji zaidi ya 2,300. Homurani za Gibson zinazokubalika hazifiki 200. Lakini wastani wake wa mapigo, yaani sehemu ya zamu zake za kupiga zilizoleta pigo halali, .372, ukampita mzungu Ty Cobb mwenye .367, aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu babu zetu wakiwa vijana. Na .466 ya mwaka 1943 ikawa rekodi ya msimu mmoja.

Wapo waliokasirika. Wanasema misimu ile ilikuwa mifupi, wakati wazungu walicheza mechi 154. Ni kweli ilikuwa mifupi. Lakini nani aliwafungia wale watu viwanja vikubwa na ratiba kamili? Na mwaka 2020, wakati wa korona, ligi kuu ilicheza mechi 60 tu, na hakuna aliyedai zifutwe. Kwangu mimi, anayelilia usafi wa daftari leo angelilia tangu lilipokuwa linaandikwa upande mmoja.

Willie Mays, nyota mwingine mweusi aliyetokea ligi za Weusi, aliongezewa mapigo kumi, ya mwaka 1948 alipokuwa kijana wa Birmingham Black Barons, akafika 3,293. Ligi ilipanga mechi ya heshima Juni 20, 2024, pale Rickwood Field, Birmingham, alikoanzia. Mays akafariki siku mbili kabla, akiwa na miaka 93. Reggie Jackson, mchezaji mweusi wa zamani aliyechezea mji huo mwaka 1967, aliulizwa hewani anajisikiaje kurudi. Swali la kupasha moto studio. Yeye akaanza kueleza migahawa iliyomkatalia chakula na hoteli zilizomkatalia chumba, na watangazaji wakamwacha aseme mpaka akamaliza.

Ahsanteni. Naona mikono imeshainuka huko nyuma. Dada mwenye kitambaa cha njano, anza wewe.