Kuchagua Taa na Rifleta za Kofia ya Tangi la Matumbawe

Karibu mtazamaji. Tangi unaloliona hapa lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Juu yake tutaweka kofia ya mbao, yaani sanduku lisilo na chini linalobeba taa. Kazi ya leo ni kuchagua taa za kuweka ndani ya kofia hiyo, pamoja na rifleta, yale mabati ya kung'aa yanayorudisha mwanga majini.

Nianze na jambo ambalo ningependa kila anayefuga matumbawe alijue kabla hajaenda dukani. Usinunue taa ya pili kabla hujahakikisha mwanga wa taa ya kwanza unafika majini. Tyubu inamwaga mwanga pande zote. Ule unaopanda juu usiporudishwa chini unaishia kwenye mbao, na hapo unageuka joto. Nipo Dar es Salaam, na mwezi wa pili chumba kinaweza kufika nyuzi 31 kabla hata ya kuwasha kitu. Tangi la matumbawe tunataka libaki kati ya nyuzi 25 na 27. Maji yakikaa juu ya nyuzi 30 kwa siku kadhaa, na mwanga nao ni mkali, matumbawe yanaanza kuutoa mwani wa hadubini unaoishi ndani ya nyama yake. Mwani huo ndio unaoyalisha kwa kutumia mwanga. Ukitoka, yanabaki meupe, na yasipoupata tena yanakufa kwa njaa. Kwa hiyo kwetu pwani, mwanga unaopotea una hasara mbili: umeulipia, na unapasha maji.

Hatua ya kwanza: jua utafuga nini. Mwanga wa matumbawe hatuupimi kwa wati. Tunapima PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, kuanzia urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 700. Matumbawe laini, yale yanayoyumbayumba majini, yanaridhika na PAR 50 hadi 150. Magumu yenye vinywa vikubwa yako karibu na hapo hapo. Yale ya matawi yenye vinywa vidogo, jamii ya Acropora, yanataka 200 hadi 350. Usikimbilie hayo ya mwisho kwa sababu umeona rangi zake kwenye picha. Tangi hili nalipangia laini chini, yenye vinywa vikubwa katikati, na matawi machache kileleni mwa mawe, karibu na taa.

Na tafadhali, vipande vya kuanzia vipate kwa mfugaji anayevikuza kwenye matangi. Usiende kukata kipande Mbudya au Bongoyo. Visiwa vile ni hifadhi ya bahari. Isitoshe, matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ukiagiza nje unahitaji vibali.

Hatua ya pili: pima kofia kwa ndani. Wengi wanapitwa hapa, kwa hiyo nasogeza kamera. Tyubu ya T5, yaani tyubu nyembamba ya floresenti, ya wati 54 ina urefu wa milimita 1149. Ukiongeza vishikio vya pande zote mbili, unahitaji karibu sentimita 119 au 120. Sasa tazama ubao huu: unene wake ni milimita 18. Fundi seremala akikutengenezea kofia ya sentimita 120 kwa nje, ndani inabaki 116 na nusu hivi. Tyubu haiingii! Mwambie atengeneze kofia inayovalia nje ya kioo, nafasi ya ndani iwe sentimita 122, na aweke kingo ndogo ndani za kukalia juu ya tangi. Ukilazimika kutumia tyubu fupi, ya wati 39, hiyo ina milimita 849, na kila upande wa tangi utakuwa na kipande chenye giza. Kimo cha kofia kiwe sentimita 25, au 30 ukipata. Tumia plaiwudi ya marini na skrubu za stenlesi, kwa sababu mvuke wa chumvi hauna huruma.

Hatua ya tatu: taa zenyewe. Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Metali halaidi, zile balbu kali zenye joto jingi za wati 150, 250 hadi 400, zina mwanga mzuri sana wenye mawimbi yanayocheza mchangani, ila ndani ya kofia ya mbao kwenye joto la kwetu siwezi kumshauri mtu aziweke. Zinabaki LED na T5.

LED zina faida kubwa moja kwa mada yetu: zinatazama chini, hazimwagi mwanga mgongoni. Hazihitaji rifleta juu. Tatizo lake ni vivuli. Mwanga unatoka kwenye vidoto vidogo, kwa hiyo tumbawe likikua, chini yake panakuwa na giza kabisa. Ukichagua LED kwa tangi la urefu huu, chukua pau ndefu au paneli mbili, usichukue moja kali ya katikati. Hakikisha ina bluu ya nanomita 450 kwa wingi, na dima ya kupunguza mwanga.

T5 inatandaza mwanga sawasawa, na ndiyo maana bado naipenda. Lakini uijue hatima yake. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba tyubu za matumizi ya jumla ziondolewe ifikapo 2027, na nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kulidai hilo. Umoja wa Ulaya ulianza kuzizuia Agosti 2023. Kwa hiyo ninachofanya ni kutundika taa kwenye fremu ya alumini ndani ya kofia, inayofunguka kwa skrubu nne. Tyubu zikiadimika, unashusha fremu na kufunga pau za LED pale pale. Na tyubu ikichoka usiivunje jalalani, ina zebaki.

Kwa tangi hili naweka T5 nne za wati 54: mbili za bluu, mbili nyeupe za Kelvini 10,000 hadi 15,000. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga unaelekea bluu. Katikati napitisha pau moja nyembamba ya LED ya bluu kwa ajili ya alfajiri na magharibi. Tyubu ya nyumbani ya Kelvini 6,500 iache sebuleni, bluu yake ni haba kwa kazi hii.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo moyo wa video hii: rifleta. Nimeshika mbili mkononi. Hii ya kwanza ni bati bapa moja la kufunika tyubu zote. Hii ya pili ni ya tyubu moja, ina mabawa mawili yaliyopinda na mgongo uliochongoka katikati, nyuma ya tyubu. Huo mgongo una maana kubwa. Kwenye bati bapa, mwanga wa nyuma unarudi moja kwa moja kwenye tyubu iliyoutoa, unazuiwa na kuiongezea joto. Mgongo uliochongoka unaugawa huo mwanga kulia na kushoto, na mabawa yanaumwaga chini, ukiikwepa tyubu.

Njia ya kuitambua iliyo nzuri ni hii. Weka tyubu iliyozimwa ndani ya rifleta, kisha itazame kutoka chini. Unatakiwa uone tyubu halisi katikati, halafu picha zake kwenye kila bawa, zimejaa hadi ukingoni. Ukiona bawa tupu, lenye picha ya dari au ya uso wako, ujue sehemu hiyo haitupi mwanga wowote mahali ulipo. Ukiona picha zimekunjamana, bati limebonyea.

Kuhusu malighafi, chukua alumini iliyong'arishwa na kupakwa rasmi kwa kazi ya taa. Hiyo inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga. Stenlesi inang'aa machoni, lakini inarudisha kama asilimia 60 tu, usidanganyike. Foili ya jikoni inakunjamana na kutawanya mwanga ovyo, tena inapitisha umeme karibu na maji. Rangi nyeupe isiyo na mng'ao inafaa sana kwa kuta za ndani za kofia, ila si mbadala wa rifleta.

Sasa hesabu. Tyubu nne zenye rifleta moja moja zinaweza kukaribia mwanga wa tyubu nane zilizofungwa kwenye ubao mweupe. Nne ni wati 216. Kwa saa 9 kila siku, mwezi mzima ni yuniti kama 58 za LUKU. Nane zingekula karibu 117, na joto lake lote lingebaki ndani ya kofia.

Hatua ya tano: jaribu tangi likiwa kavu. Weka simu yenye programu ya kupima lux, yaani mwanga kama jicho la mtu linavyouona, sakafuni mwa tangi, sehemu tisa: pembe nne, katikati ya kila upande, na katikati kabisa. Andika. Kisha funga rifleta, rudia. Lux si PAR, na simu haiipimi bluu vizuri, lakini kwa tyubu zile zile uwiano wa kabla na baada unakuonyesha umepata nini, na pembe ipi ina giza. Ukipata mtu wa kukuazima kipimo cha PAR cha chini ya maji, maji yakishajaa pima tena.

Hatua ya sita: hewa na umeme. Toboa matundu nyuma ya kofia, juu kabisa, uweke feni mbili za kompyuta za volti 12 zikivuta joto nje, na acha mwanya mbele karibu na maji ili hewa mpya ipite juu ya uso wa maji. Uvukizi huo unapoza maji, japo siku za unyevu mwingi unapoza kidogo. Maji yanayopungua yajazie kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, maana chumvi haivukizwi. Usifunike tangi kwa kioo, weka wavu mwembamba kuzuia samaki wanaoruka.

Choki za kielektroniki, vile visanduku vinavyoziendesha tyubu, zikae nje ya kofia, si ndani. Vishikio vya tyubu viwe vya kuzuia maji. Kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni. Na fundi umeme akufungie breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Hili halina mjadala, mikono yako itakuwa ndani ya maji ya chumvi.

Hatua ya saba: washa taratibu. Rifleta mpya zinaongeza mwanga ghafla, na tumbawe lililozoea kivuli linaungua. Anza na tyubu mbili kwa saa 6, ongeza kidogo kidogo kwa wiki nne hadi ufike saa 8 au 9. Rangi ikianza kupauka, rudi nyuma wiki moja.

Kila wiki zima taa, ziache zipoe, ufute rifleta kwa kitambaa laini na maji yaliyochujwa. Usitumie stili waya. Tyubu zibadilishe kila baada ya miezi 9 hadi 12, hata kama bado zinawaka, lakini moja moja, ukiacha wiki mbili kati ya moja na nyingine. Tarehe iandike kwa maka kwenye ncha ya kila tyubu, hapa pasipopitisha mwanga.