Maswali ya Maandishi Katika Kesi ya Madai Marekani: Usikisie, Usinyamaze

Ndugu watazamaji wangu wa nyumbani, leo nataka tuzungumze taratibu kuhusu maswali ya maandishi ambayo wakili wa upande wa pili humtumia mtu baada ya kesi ya madai kufunguliwa na kabla haijaanza kusikilizwa.

Mimi nilishtakiwa kwa ajali ya gari hapa Marekani. Mdai alikuwa mkazi wa jimbo jingine na alidai zaidi ya dola 75,000, ndiyo maana shauri likafika mahakama ya shirikisho, ambako upande mmoja hauruhusiwi kumuuliza mwenzake zaidi ya maswali 25, vipengele vyake vikihesabiwa, isipokuwa kwa makubaliano au idhini ya mahakama, na anayeulizwa hupewa siku 30 za kujibu. Bahasha niliiacha mezani siku 12, nikidhani ni kazi ya wakili. Nilikosea sana, kwa sababu majibu hutolewa kwa kiapo na mhusika mwenyewe ndiye anayeyatia saini. Wakili hutia saini pingamizi.

Swali la saba liliuliza nilikuwa nikienda kwa mwendo gani. Niliandika "maili 30 kwa saa". Wakili wangu, mama mmoja mtulivu, aliweka ncha ya kalamu juu ya ile 30 akaniuliza, "Uliutazama mshale wa spidi wakati ule?" Sikuutazama. Tukafuta, tukaandika kwamba nilikuwa nimetoka tu kwenye taa, kwamba sikuangalia spidi, na kwamba nakadiria kati ya maili 20 na 30. Jamani, hapo pana hatari kubwa, maana kisio lililoandikwa kama uhakika litasomwa tena mbele ya jaji, na ukilibadilisha siku hiyo utaonekana mwongo. Wala usijibu "sijui" ilhali jibu limo kwenye karatasi zako mwenyewe.

Mazungumzo yako na wakili unaweza kukataa kuyaeleza, ila sababu itajwe wazi na kwa wakati. Ukinyamaza, mahakama inaweza kukulazimisha ujibu na kukutoza gharama. Na kama ulichotumiwa ni maombi ya kukiri jambo, yaani upande wa pili unakutaka ukubali kwa maandishi kwamba jambo fulani ni kweli, siku 30 zikipita kimya, huhesabiwa umekiri.

Miezi miwili baadaye nilikuta kwenye simu ya zamani picha ya barabara ile, ikionyesha shahidi ambaye sikumtaja. Jibu lililopungua lazima lirekebishwe, kwa hiyo nilimpigia wakili asubuhi ile ile, ingawa shahidi huyo hakuwa wa kunitetea.