Nani Anashika Kalamu ya Muswada?

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, Marekani. Kaka Hamisi, umekataa tuwazungumzie wabunge, unataka wale wanaowaandikia miswada. Kwa nini?

HAMISI: Kwa sababu sheria huanza kuamuliwa siku mtu anapokaa kuiandika, dada. Mchukue mbunge wa jimbo lile miaka ya 1890. Ni mkulima, hana ofisi wala karani. Anataka kuibana kampuni ya reli. Muswada atauandikaje? Wakili anayeijua kazi hiyo analipwa na reli.

ZUHURA: Fisi kapewa bucha.

HAMISI: Ndiyo hivyo. Mwaka 1901 ikaanzishwa maktaba ndogo ya marejeo kwa ajili ya wabunge, akakabidhiwa Charles McCarthy, mtoto wa wahamiaji wa Ireland, aliyekuwa ndiyo kwanza amepata shahada yake ya udaktari. Hakusubiri vitabu. Alikata magazeti, akaandikia majimbo mengine kuuliza: sheria hii kwenu imefanya kazi? Imeangushwa mahakamani? Majibu yakapangwa kwa mada, mbunge akiingia anakuta ya kwake tayari.

ZUHURA: Na muswada wenyewe?

HAMISI: Hapo ndipo ninapomheshimu mno. Pale maktabani huandikiwi muswada mpaka ulete maelekezo kwa maandishi. Na mwandishi haongezi wazo lake. Nia ni yako mbunge, yeye anakupa lugha.

ZUHURA: Mimi hapo nasita kidogo. Anayechagua maneno ana nguvu. Ukiandika mwajiri "anaweza" kulipa badala ya "atalipa", aliyekatika mkono kiwandani anarudi nyumbani mikono mitupu.

HAMISI: Kweli kabisa, ndiyo maana sharti lile lilikuwa zito. Wapinzani hata hivyo waliiita maktaba hiyo kiwanda cha miswada, hasa baada ya 1911, mwaka ilipopita fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, pamoja na kodi ya mapato ya jimbo. Emanuel Philipp akagombea ugavana mwaka 1914 akiahidi kuifuta maktaba hiyo. Akashinda. Alipoiona kazi yake kwa karibu, akaiacha.

ZUHURA: Na mwaka huohuo Washington nao wakaanzisha idara kama hiyo ndani ya Maktaba ya Kongresi.

HAMISI: Halafu Edwin Witte, aliyeiongoza ile ya Madison kuanzia 1922, akaja kusimamia maandalizi ya sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ya 1935. Ofisi ipo mpaka leo, jina lilibadilishwa 1963. Ila kinachonigusa zaidi ni majalada. Tangu 1927 kila muswada una jalada lake: ombi la mbunge, barua, rasimu ya kwanza, ya pili. Wakili akibishania maana ya kifungu, anakwenda kulifungua.

ZUHURA: Hata maneno yaliyokatwa kwa kalamu?

HAMISI: Yamo humo, na mkato wake juu.