Caughnawaga: Kijiji Kinachosomwa kwa Matobo ya Nguzo

Ndugu zangu, wengi wanaokwenda Fonda, jimboni New York, huishia kwenye kikanisa cha Mtakatifu Kateri Tekakwitha, binti wa Kimohawk aliyebatizwa akiishi huku, wakasali, wakarudi garini. Kikanisa hicho ni ghala la Kiholanzi la mwaka 1782. Kateri alikuwa ameshahama huku miaka 105 kabla yake!

Kijiji chenyewe alichoishi, Caughnawaga, kiko kilimani, nyuma. Pandeni, na vaeni viatu vinavyoshika. Mtakuta uwanja wa nyasi na vigingi, basi. Wamohawk, wenyeji wa asili wa huku, hawakujenga kwa mawe: walisimika miti, wakaezeka na kufunika kuta kwa magome. Mti ukiozea ardhini, tobo lake hujaa udongo mweusi; ukikwangua taratibu kwa mwiko, doa la mviringo hujitokeza. Padre Thomas Grassmann, Mfransisko Mkonventuali, aliligundua eneo hili mwaka 1950, na kwa kufuata madoa hayo zikapatikana nyumba ndefu 12 na boma la magogo lililozizunguka. Vigingi vinafuata ramani hiyo.

Simameni kati ya mistari miwili ya vigingi. Hapo palikuwa ujia wenye meko, familia mbili zikitazamana na kuchangia moto mmoja. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mama. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kwa hiyo Kateri alipokataa kuolewa, nyumba nzima ilikosa mwindaji. Ugomvi wake na jamaa zake haukuwa wa dini peke yake.

Wafaransa walichoma vijiji vya Wamohawk mwaka 1666, na amani iliyofuata ndiyo iliyowafungulia wamisionari Wajesuiti mlango. Padre Jacques de Lamberville alimbatiza Kateri siku ya Pasaka 1676. Mwaka 1677 Kateri alikimbilia misheni karibu na Montreal. Mwaka 1693 Wafaransa, walewale, wakakiteketeza Caughnawaga.

Mkiona kigae, kiacheni palepale. Kikishatoka mahali pake hakielezi tena kilikuwa kwenye meko gani.

Msiichanganye Fonda na Auriesville, ng'ambo ya mto. Huko wahujaji huambiwa ndiko Ossernenon, alikozaliwa Kateri mwaka 1656, ila wapo wanaakiolojia wanaokiweka kijiji hicho kwingine. Na anayetafuta kaburi lake asilitafute kote huku: masalia yake yako Kahnawake, Quebec, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Jina ni lilelile la Caughnawaga; waliohamia misheni ile walilibeba.