Mtoto Ana Nafasi ya Lugha Mbili

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Kasulu, mkoani Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Walimu na wazazi wenzangu, nawasalimu.

Mmemwita mtangazaji aje kuzungumzia malezi, nami nimekuja kwa moyo mmoja. Redioni nilianza kwa kusoma bei za mazao na matangazo ya vifo. Kiswahili ndicho kilichonivuta kwenye kazi hii, na sitasimama popote kudai kipunguzwe.

Kilichonisukuma kukitetea Kiha, lugha ya nyumbani kwetu, kiende sambamba na Kiswahili, ni yaliyotokea Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima, na kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma mjini. Waandishi wageni walihangaika kutafuta wakalimani. Sisi tuliokulia Buha, nchi ya Waha, hatukuwahitaji, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mama mmoja aliyekuwa akiwajibu wengine kwa kutikisa kichwa tu alinieleza kwa kirefu kwa nini hasogei kwenye foleni ya dawa: alihofia meli ingeondoka na wanawe naye akiwa bado amesimama pale. Habari ile niliiandika kwa Kiswahili, lakini niliipata kwa Kiha.

Tangu hapo nikawa naomba nafasi kwenye vikao vya wazazi, kijiji hadi kijiji. Na kila kikao hoja ni ileile: mtoto akizungumza Kiha nyumbani, Kiswahili chake kitaharibika na darasani atabaki nyuma.

Wazazi wangu, hofu hiyo naielewa, ila haina msingi. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alieleza kwamba uwezo ambao mtoto anaujenga katika lugha ya kwanza humsaidia anapojifunza ya pili. Mtoto anayeweza kusimulia kisa kwa mpangilio, akatoa sababu, akabishana na bibi yake kwa Kiha, hatajifunza upya kufikiri atakapofika darasa la kwanza. Atatafuta maneno tu. Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: Kiha cha "leta maji, funga mlango" hakitoshi. Muulize mtoto maswali. Msimulie. Mwache akukatize.

Nanyi walimu, Kiswahili kifundisheni kwa bidii zote, kwa sababu wako watoto wa vijijini huku wanaokisikia kwa nadra kabla ya shule. Mtoto akijibu kwa Kiha wiki za mwanzo, lipokeeni jibu, kisha mlirudie naye kwa Kiswahili. Kumnyamazisha kunamfundisha kunyamaza, basi. Sera ya Utamaduni ya 1997 yenyewe inataka wananchi wajivunie lugha za jamii zao na inahimiza ziandikwe.

Redio haitatufanyia kazi hii. Kanuni za utangazaji zinaelekeza Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo Kiha kinategemea nyumba zetu, na nyumba nyingi siku hizi hazina bibi wala babu.

Ndiyo maana naomba jambo moja kabla hatujatawanyika. Wazee wenye hadithi za Kiha wajiandikishe kwa mwalimu aliyekaa pale mlangoni, na walimu wa awali wabaki tupange siku ya kuwaalika darasani. Daftari liko tayari.