Namba Kwanza, Jina Baadaye: Kumsaka Babu Mvumbuzi katika Hataza za Kale

Mabibi na mabwana, karibuni. Mazungumzo ya leo ni ya hataza, au patenti kama wengi tunavyoziita, yaani hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki juu ya alichovumbua, na jinsi zinavyomfaa mtu anayechimba historia ya ukoo. Nitakaa zaidi Marekani, kwa sababu hataza zake za karne ya 19 zimewekwa mtandaoni na kuzisoma hakulipiwi.

Anayeanza kazi hii huandika jina la babu kwenye Google Patents, tovuti ya kutafutia hataza, akikosa hufunga kompyuta. Kosa si lake. Hataza za kabla ya 1976 zimo humo kama picha za kurasa zilizosomwa na mashine, na mashine hukosea: "rn" hugeuka "m", herufi za mapambo hugeuka takataka, na pengine jina la ukoo la mvumbuzi hukaa pale palipotakiwa jina la kifaa. Kwa hiyo anzeni kutafuta namba.

Namba mtaipata kwenye faharasa za kila mwaka za Kamishna wa Hataza, mkuu wa ofisi ya hataza ya Marekani, ambazo nakala zake zimo katika maktaba ya mtandaoni ya HathiTrust. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na kila jina lina makazi, kifaa, tarehe na namba. Jaribuni tahajia tatu au nne za jina, na herufi za mwanzo peke yake, hasa kwa wanawake. Kuanzia 1872 kuna pia Gazeti Rasmi la ofisi hiyo, lililotoka kila wiki. Mkishapata namba, iandikeni bila mkato na bila nafasi, ikitanguliwa na US. Miundo ya sura, kama vile vikombe na majiko ya urembo, ina mfululizo wake wenye D mbele. Hataza zilizotolewa upya baada ya kusahihishwa zina RE. Mtu akisahau herufi hizo ataletewa kifaa cha mtu mwingine kabisa.

Je, kama ukoo umebaki na chombo tu, kimegongwa tarehe? Angalieni siku. Tangu katikati ya karne ya 19 hataza za Marekani hutolewa Jumanne. Tarehe ikiangukia Ijumaa, huenda ni siku ya kuwasilisha maombi, au mtu amekosea kunakili. Ikiwa Jumanne, fungueni Gazeti la wiki hiyo. Kwa mfano, mwaka 1884 ulianza na namba 291,016 na wa 1885 ukaanza na 310,163, kwa hiyo kila Jumanne zilitoka zaidi ya 350. Ni kazi ya jioni moja, na chai pembeni.

Kabla ya Julai 1836 mambo ni magumu. Tarehe 15 Desemba mwaka huo ofisi iliungua, na hataza zipatazo 10,000 zikateketea. Zilizorudishwa, kwa kunakili karatasi za wavumbuzi wenyewe, hazikufika 3,000. Sasa zinatambulika kwa herufi X kwenye namba. Maelezo ya Thomas Jennings wa New York, Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kupata hataza, mwaka 1821, kwa njia yake ya kusafisha nguo, yalipotea hivyo. Ndiyo maana babu wa enzi hizo hutafutwa pia kwenye masanduku ya familia, maana hati yenyewe ilitiwa saini na Rais.

Sasa tusome hati moja. Namba 305,474, tarehe 23 Septemba 1884, Judy W. Reed wa Washington, mashine ya kukandia na kusukumia kinyunga. Mahali pa saini pana alama ya X. Mjukuu anayeandika historia amepata hapo jambo ambalo pengine hakuna aliyemsimulia: bibi yake hakuweza kuandika jina lake, na bado alimaliza safari yote ya ofisi ile. Makazi nayo yana uzito. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika baada ya moto wa 1921, kwa hiyo kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 kuna shimo la miaka 20. Hataza ya katikati hapo inakupa mji na tarehe, na mara nyingi wilaya na uraia pia. Rangi ya mtu haiandikwi. Henry E. Baker, aliyefanya kazi ndani ya ofisi hiyo, ilimbidi awaandikie mawakili barua kuwauliza ili apate orodha ya wavumbuzi weusi. Walio utumwani hawakupewa hataza hata kidogo. Mwanasheria mkuu aliliandika hilo waziwazi mwaka 1858.

Kichwa cha hati kisomwe neno kwa neno. Namba 23,536 ya tarehe 5 Aprili 1859, ya fataki za ishara za usiku, ina jina la Martha J. Coston, lakini kama msimamizi wa mirathi ya Benjamin F. Coston, marehemu. Neno hilo "msimamizi" linakutoa kwenye hataza na kukupeleka kwenye mafaili ya mirathi mahakamani, ambako kuna majina ya watoto. Vivyo hivyo ukiona amehamisha haki kwa mtu au kampuni, fuata daftari za uhamisho kabla ya kuamini hadithi kwamba babu aliibiwa. Mara nyingi aliuza.

Mashahidi wawili chini ya hati huwadanganya wengi. Fungua hataza tano za wakili yuleyule. Majina yakijirudia, ni makarani wake. Yasipojirudia, huenda ni shemeji au jirani.

Uingereza ina mtego mwingine. Kuanzia 1852 hadi 1915 namba zilianza upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila mwaka haikusaidii. Kuanzia 1916 zikaendelea mfululizo toka 100,001. Pia wakala wa London aliweza kuandikwa kama mwenye hataza kwa niaba ya mtu wa ng'ambo. Na aliyevumbua kitu Kenya kabla ya sheria ya 1989 alilazimika kupata hataza Uingereza kwanza, kisha kuisajili Nairobi, kwa hiyo anzeni Uingereza.

Mwisho, faili lenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Marekani, kundi la kumbukumbu namba 241, ina mafaili yenye kiapo, barua za wakili na sababu za madai kukataliwa. Mkiandika kuomba nakala, tajeni namba, tarehe, jina na kifaa. Namba ikikosekana mtahangaika, maana mafaili yamepangwa kwa namba.