Pambano la Kuchana la Wahusika Wawili, Kila Mwigizaji Akiwa Kwake

Habari zenu, watazamaji. Leo tunatengeneza pambano la kuchana, yaani kurap: wahusika wawili wanarushiana vijembe juu ya mdundo mmoja, na kila mwigizaji wa sauti anarekodi akiwa kwake. Mfano wetu ni Leonardo da Vinci na Michelangelo, wasanii wawili wa zamani wa Italia. Hawa walikuwa mahasimu kweli. Mnamo mwaka 1504 kila mmoja alikuwa amepewa kazi ya kuchora vita katika ukumbi uleule wa Florence, na hakuna aliyemaliza. Tafuta uhasama wa namna hiyo. Wahusika wasio na la kugombania watakulazimisha kutukana sura na mavazi, na tusi la hivyo linamfaa mtu yeyote.

Tuanze na mdundo. Chukua wenye mapigo 90 hivi kwa dakika. Kwa kasi hiyo, baa moja ya mapigo manne inachukua sekunde 2.67, na ubeti wa baa nane ni kama sekunde 21. Beti mbili kwa kila mhusika zinakupa karibu dakika moja na nusu. Kwa pambano la kwanza inatosha. Soma masharti ya mtunzi kabla ya kupakua, kwa sababu midundo mingi ya bure ni bure tu pale usipoitumia kuingiza pesa.

Sasa mistari. Michelangelo anaanza:

Farasi wako wa Milano aliishia udongo,
Shaba haikumwagwa, ahadi ikawa uongo.

Leonardo anajibu:

Miaka minne darini, shingo juu kama twiga,
Ukatunga shairi zima kulia kazi imekupiga.

Vijembe vyote viwili vina ukweli ndani yake. Sanamu ya farasi ya Leonardo haikupita hatua ya udongo. Michelangelo naye alichora dari la kanisa la Sistine kuanzia 1508 hadi 1512, na kweli alitunga shairi la kulalamikia mwili wake ulivyoteseka. Angalia pia jibu linavyopokea kijembe: umeniambia sikumaliza, nami nakuambia ulimaliza ukilia. Jibu lisipogusa lilichorushiwa, mtazamaji anasikia nyimbo mbili zilizofuatana tu.

Tufike kwenye sehemu ninayoijali kuliko zote, yaani kifurushi cha waigizaji: vitu unavyomtumia kila mmoja ili aweze kurekodi. Msijaribu kuchana pamoja kwenye simu ya video. Sauti inachelewa njiani, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na mwendo unazorota. Kila mtu arekodi peke yake, akisikiliza faili lilelile la mdundo. Litume kwa wote kama WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. MP3 huweza kuongeza ukimya mfupi mwanzoni, na kwenye kuchana kipande hicho kidogo kinatosha kuutoa mstari kwenye pigo.

Mwanzoni mwa faili weka mapigo manne ya kuhesabu. Mwambie mwigizaji apige kofi moja kwenye pigo la nne. Kofi hilo ndilo utakaloliona kama mwiba kwenye wimbi la sauti wakati wa kupanga. Kisha chana ubeti mzima wewe mwenyewe uwe mfano, hata kama sauti yako si nzuri. Maandishi matupu hayamwonyeshi mtu pumzi inaingia wapi wala silabi ipi inaangukia pigo. Piga mstari chini ya silabi hizo, andika majina ya kigeni yanavyotamkwa, na ongeza sentensi mbili kuhusu tabia ya mhusika. Leonardo wangu hapandishi sauti, Michelangelo hana subira. Mwigizaji akipendekeza kubadilisha neno linalomkwama mdomoni, mkubalie, mradi kina kibaki.

Kurekodi: hedifoni masikioni, ili mdundo usiingie kwenye maikrofoni. Kabati lililojaa nguo linameza mwangwi vizuri sana. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, na kilele cha sauti kati ya desibeli -12 na -6. WAV, kilohezi 48, bila athari yoyote. Omba rekodi tatu za kila ubeti, pamoja na sekunde chache za ukimya wa chumba. Utazitumia kupunguza kelele. Zisitumwe kama ujumbe wa sauti, maana huo unabanwa na ubora unapotea. Zitumwe kama faili.

Ukiomba marudio, taja sekunde na neno: "sekunde ya 14, neno 'uongo' limewahi." Ukisema "ongeza nguvu" tu, atarudia palepale.

Kwenye Audacity au programu nyingine ya kuhariri sauti unayoizoea, panga makofi yalingane, kisha yakate. Ondoa masafa ya chini ya hezi 80, sawazisha ukubwa wa sauti, halafu wape wote wawili mwangwi uleule kidogo sana. Hapo ndipo vyumba viwili tofauti vinaanza kusikika kama ukumbi mmoja. Maneno yakizama, shusha mdundo. Usipandishe sauti za watu.

Picha ni rahisi: michoro miwili kwa kila mhusika, mdomo wazi na mdomo uliofungwa, inayobadilishana kufuata silabi.

Kabla ya kupakia, watumie waigizaji video nzima waikubali, na uwaulize wanataka majina yao yaandikweje. Yaweke ndani ya video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini tu, kwa sababu video ikisambazwa kwingine maelezo hayo hubaki nyuma.